Besdei ya mtoto mkiwa ughaibuni: kwetu WhatsApp imeishinda Zoom

Wazazi wenzangu mnaolea mbali na nyumbani, mimi kwangu besdei ya mtoto maputo sio ishu, ishu ni bibi na babu waonekane kwenye simu wakati mtoto anazima mishumaa, kwa hiyo apu ya kupigia ndo naichagua kwa makini kuliko kitu kingine chochote cha siku hiyo.

Zoom ni nzuri mkiwa ukoo mzima, ya bure inaingiza mpaka watu 100 na ukitumia kompyuta unarekodi bila kulipia. Tatizo ya bure mwisho dakika 40, na familia mnazijua, salamu peke yake zinamaliza nusu ya muda, bado kuna "mama washa kamera, hatukuoni". Google Meet inawapa dakika 60 mkianzia watatu, afadhali kidogo.

WhatsApp haina hiyo ya kuwahesabia dakika. Zamani video ya grupu ilikuwa watu 4 tu, 2020 wakati wa korona wakafanya 8, sasa hivi mnaingia hadi 32 na kwa familia nyingi hao wanatosha kabisa. Ila kilichoniteka hasa ni kwamba bibi ameshaizoea, hakuna kudaunlodi kitu kipya wala kukumbuka paswedi, unatupia linki kwenye grupu la familia anabonyeza kaingia. Kama bando lake ni dogo kuna seti ya kupunguza data za kupiga simu, iko kwenye mipangilio upande wa hifadhi na data, picha inashuka ubora kidogo lakini anabaki hewani na mimi nachagua abaki hewani.

Sasa wimbo, hapa hakuna apu inayowaokoa. Sauti inachelewa kufika na kila mtu inamchelewa kivyake kutegemea neti yake, kwa hiyo mkiimba wote kwa pamoja ni vurugu, halafu hizi apu zinachuja kelele, zinaweza kuminya hata makofi na shangwe visisikike vizuri. Wote wazime maiki aimbe babu peke yake, mtoto asikie sauti moja safi ya mtu anayempenda, hiyo inamwingia kuliko kelele za watu thelathini. Kwenye Zoom kuna seti ya kuacha sauti ilivyo bila kuchujwa, washeni kama kuna mpiga gitaa.

Na jamani msiwapigie bibi na babu katikati ya pati tu basi! Wapigieni kabla wageni hawajaja, wao wawili na mtoto, simu iegemezwe mahali isitikisike, afungue zawadi yao huku wanamwangalia. Kwenye grupu kila mtu anakuwa kwenye kiboksi kidogo na mzee mwenye macho hafifu anaambulia vivuli, ingawa akibonyeza kiboksi cha mjukuu kinaweza kukuzwa, mfundisheni mapema.

Kama mnakaa nchi zinazobadilisha saa kwa msimu, tofauti ya saa ihesabuni upya, usimkalishe babu saa nzima anasubiri.

WhatsApp naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata sababu haina kitufe chake cha kurekodi, na siku kama hiyo rekodi unaitaka sana, mtoto akikua aione sura ya babu yake akimwimbia.