Uzamili wa ushauri nasaha kwa mtandao, kutoka Uyole

Nimemaliza shahada ya uzamili ya ushauri nasaha katika chuo kimoja cha Marekani, nikisoma kwa mtandao kutoka hapa Uyole, Mbeya. Mume wangu yuko Columbus, Ohio, na nia yangu tangu mwanzo ilikuwa nimfuate nikiwa na taaluma itakayotambulika huko. Naandika kwa sababu walimu wenzangu wa malezi wananiuliza kila mara kama inafaa. Inafaa, lakini kuna mambo ningependa mtu angeniambia kabla sijalipa.

La kwanza ni leseni ya kufanya kazi ya ushauri nasaha. Afisa udahili aliniambia kwenye simu kwamba shahada yao inakubalika popote. Iliniuma sana kugundua, ada ya muhula ikiwa imekwenda, kwamba Marekani haina leseni moja ya taifa. Kila jimbo lina bodi yake na masharti yake. Chuo kinakupa shahada. Leseni unaiomba kwa bodi. Kwa Ohio, ukishakuwa na shahada na kufaulu mtihani unapata LPC, leseni ya ngazi ya kwanza, kisha unafanya kazi saa 3,000 chini ya msimamizi, kwa muda usiopungua miaka miwili, ndipo unaomba LPCC, leseni ya kufanya kazi kwa kujitegemea. Kilichoniokoa ni kwamba programu yangu ina krediti 60 na ithibati ya CACREP, chombo cha Marekani kinachokagua ubora wa programu za ushauri nasaha. Nilikuta programu nyingine ya bei nafuu zaidi isiyo na ithibati hiyo, na nilibakiza kidogo tu kujiunga.

Masomo yenyewe ni mazuri na walimu wanajituma. Ila jiandae kwa saa. Darasa la Jumanne jioni kwao lilikuwa saa nane ya usiku kwangu, na Novemba wenzetu wanaporudisha saa nyuma likahamia saa tisa. Baridi ya Uyole ya mwezi wa saba mnaijua. Umeme ukikatika, bando la simu ndilo msaada.

Kazi kubwa hasa ni mafunzo kwa vitendo. Unaanza na saa 100, na 40 kati yake uwe ana kwa ana na wateja. Kisha zinakuja saa 600, na 240 kati yake ni za ana kwa ana. Msimamizi wa kituo lazima awe na uzamili, uzoefu wa miaka miwili na mafunzo ya kusimamia. Kumpata mtu wa namna hiyo Mbeya, halafu chuo kimkubali, kulinichukua miezi minne. Anayeanza leo amtafute msimamizi mwaka mmoja kabla.

Halafu kuna kurekodi. Msimamizi wa chuoni anataka asikie mazungumzo yako na mteja, kwa ridhaa ya mteja. Wateja wangu wanazungumza Kiswahili, msimamizi hakijui, kwa hiyo kila rekodi niliiandika yote na kuitafsiri, nikiwa nimeondoa majina. Wengi walikataa kurekodiwa na niliwaheshimu. Mtu amekuja na siri yake, anaona simu inawashwa mezani, lazima aogope.

Hapo kwenye tafsiri ndipo nilipojifunza kuliko darasani. Mtu wa kwetu akisema "nina mawazo", hasemi kwamba anafikiri. Anasema amelemewa, pengine halali, pengine hali. Nilipotafsiri neno kwa neno, msimamizi alilipita kama jambo dogo, na wiki iliyofuata nikamrudisha palepale nikamweleza. Kuanzia siku hiyo akawa ananiuliza kila neno la moyo na roho lina uzito gani. Na "pole" je? Nilipoiandika kwa Kiingereza aliniuliza kwa nini naomba radhi kwa jambo ambalo sikulifanya. Nilimweleza kwamba kwetu mtu akikuambia msiba wake, usipompa pole hawezi kuendelea kuzungumza na wewe. Alikubali, na kwenye tathmini yangu aliandika kwamba ninajua kumkaribisha mteja. Nililia.

Sasa najiandaa na NCE, ule mtihani wa washauri nasaha wa kupatia LPC. Una maswali 200, na 160 tu ndiyo yanayohesabiwa alama. Unayefikiria kuanza, mwandikie mtu wa bodi ya jimbo unalokwenda kabla ya kuzungumza na chuo. Muulize kama programu hiyo inakidhi masharti yao na kama saa za mafunzo zilizofanyika Tanzania zinahesabika. Jibu walitoe kwa maandishi. Daftari la saa lisainiwe kila wiki, maana msimamizi anaweza kuhama na sahihi yake ikakupa shida. Langu lina kurasa 74, na nakala yake moja iko Tukuyu kwa mama, kwenye sanduku la vyeti vya ubatizo.