Hedifoni za omu 32 kwenye amplifaya ya zamani, uzoefu wangu

Wakuu, hii kitu imenisumbua miezi mitatu. Nilichukua amplifaya ya mtumba pale Kariakoo, ya miaka ya 80, nzito kweli, kwenye spika inapiga mpaka raha. Usiku watoto wakishalala nachomeka hedifoni zangu za omu 32 nasikiliza taarab ya Zanzibar, na shida ikawa hapo, besi inavuma inameza kila kitu, ganuni unaisikia kama inapigwa nyumba ya tatu. Hedifoni hizohizo kwenye simu ganuni iko wazi kabisa, unasikia mpaka ile kucha ya mpigaji inavyokwangua uzi. Nikaambiwa hedifoni feki. Si feki.

Nikaenda kwa fundi, tukapiga toni ya hezi 50, testa kwenye jeki (tundu la kuchomekea hedifoni) ikasoma volti 1.00, tukaunga rezista (kile kidude cha kubana umeme) ya omu 33, ikashuka ghafla mpaka 0.22! Hesabu yake ni 33 mara (1.00 gawa kwa 0.22, toa 1), unapata kama omu 117, hiyo ndo impidensi ya jeki yenyewe, yaani ukinzani wake kwa umeme wa saundi, unaopimwa kwa omu. Akafungua kava, rezista hii hapa, bendi za kahawia, nyekundu, kahawia, omu 120. Ampu nyingi za zamani ndo zilivyo, jeki inachukua saundi kwenye laini ya spika inapitia rezista kwanza.

Sasa kwa nini besi? Hedifoni ikiandikwa 32 haimaanishi ni 32 kila mahali, nyingi za koili (kile kiwaya kilichozungushwa kinachotikisa hedifoni itoe sauti) zinapanda sana kwenye besi, na jeki ikiwa na omu nyingi, pale hedifoni inapopanda ndo inapopata volti nyingi zaidi. Tuseme zinafika 100 pale, basi kwenye jeki ya omu 120 besi inazidi sauti zingine kwa karibu desibeli 7, hiyo ni nyingi sana jamani, alafu koili inakosa breki kwahiyo noti ya besi inachelewa kukata. Kanuni ya watu wa saundi ni impidensi ya jeki isizidi moja ya nane ya hedifoni, yaani kwa 32 ni omu 4.

Rafiki yangu akaleta Sennheiser HD 600 zake za omu 300, kwenye ampu ileile ziko safi, maana hata zikipanda 500 kwenye besi tofauti ni desibeli 1 tu. Tatizo halikuwa ampu wala hedifoni, ni kuziweka pamoja.

Fundi alitaka kuirukia ile rezista kwa waya, nikakataa, ndo inayozuia moto wote wa spika usiingie kwenye koili. Nikanunua kidude kidogo cha DAC cha USB, kinachogeuza saundi ya dijitali iwe ya kusikilizwa kwenye hedifoni, impidensi yake chini ya omu 1, na besi ikatulia siku ileile. Ampu nimeiacha kwa spika. Ukienda kununua ya mtumba beba rezista ya 33 na testa, upimaji wenyewe ni dakika tano pale pale dukani.