Poplini ya kijani ya Kariakoo inafaa kurekodia, satini iache dukani

Kwa video za kubadilisha mandhari, ambapo programu inafuta kijani kilicho nyuma ya mtu na kuweka picha nyingine, huna haja ya kuagiza kitambaa nje. Maduka ya vitambaa ya Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Uhuru, yanacho. Kazi ni kuchagua. Ukimwambia muuzaji unataka kijani inayowaka atakushushia satini, nayo ndiyo mbaya kuliko zote: inarudisha mwanga, kila mkunjo unatoa mstari mweupe, na programu haioni tena kijani pale.

Chukua poplini ya pamba isiyong'aa. Iinue mlangoni penye jua, mkono ukiwa nyuma yake. Ukihesabu vidole, ni nyepesi mno na ukuta utaonekana. Rangi iwe ya jani changa. Kijani cha chupa kinameza mwanga na kukuachia picha yenye chenga.

Upana wa mita 1.5 unatosha kwa mtu anayeonekana kuanzia kiunoni: nunua mita 3, kilaze kitambaa kwa urefu wake, na hutahitaji mshono. Kwa mwili mzima nunua mita 8, fundi aunganishe vipande viwili vya mita 4 ili kitambaa kishuke hadi sakafuni. Piga pasi kabla ya kutundika, kisha banza kingo zote kwa vibanio vya nguo. Na uzime feni. Kitambaa kinachopepea ni kivuli kinachotembea.

Fremu ya bomba za plastiki ni nzuri kwa bei yake, ila usichukue nusu inchi, inapinda katikati. Bomba mbili za robo tatu zenye urefu wa mita 6, kona 2 na tii 2 (viungo vya umbo la T) zinatosha fremu ya mita 3 kwa 2 pamoja na miguu. Usitie gundi, ili uifungue ukimaliza. Madumu ya maji ya lita 5 juu ya miguu yanaizuia isianguke.

Pesa iliyobaki peleka kwenye taa, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Taa mbili zinazofanana, moja kila upande, zimulike kitambaa tu; ya tatu immulike mtu. Mtu akae mita 1.5 hadi 2 mbele ya kitambaa. Akikisogelea, kijani kinamrukia mashavuni na kwenye nywele, na kukiondoa baadaye ni kazi kuliko kurekodi upya. Kujua kama mwanga umeenea, punguza mwangaza wa kamera mpaka kitambaa kikaribie weusi: panapobaki pakiwaka ndipo taa imeegemea.

Funga mwangaza na rangi za kamera, visijibadilishe vyenyewe. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo weka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) 1/50 au 1/100 ya sekunde, la sivyo taa za LED za bei rahisi zinachora mistari inayopanda na kushuka. Mikono ikirushwa sana, 1/100 inapunguza ukungu kwenye vidole.

Kukata kijani, programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inatosha. Kwa matangazo ya moja kwa moja tumia programu ya OBS. Mgeni akija na jezi ya kijani ya Yanga kifua kitatoweka, kwa hiyo nunua na mita 3 za poplini ya bluu.