Wakanda Forever baada ya Black Panther: je, mwendelezo umeizidi filamu ya kwanza?

Nimezitazama filamu zote mbili, Black Panther ya mwaka 2018 na mwendelezo wake, Wakanda Forever, uliotoka Novemba 2022, kwanza katika ukumbi wa sinema jijini Nairobi na baadaye nyumbani, moja baada ya nyingine, ili niweze kuzilinganisha bila kutegemea kumbukumbu. Maoni yangu ni kwamba ya pili haikuizidi ya kwanza kama hadithi, lakini imeiacha mbali katika jambo moja, nalo ni namna inavyoomboleza. Ambaye hajaitazama ajue kwamba nitataja mambo yanayotokea hadi mwisho.

Nguvu ya filamu ya kwanza ilitokana na hoja ya adui. Killmonger, aliyeigizwa na Michael B. Jordan, anasimama mbele ya vitu vya sanaa vya Kiafrika katika jumba la makumbusho jijini London na kumhoji msimamizi wake vilifikaje pale, na kuanzia hapo hadi anapokata roho analaumu jambo lile lile: Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika, ilikuwa na mali, elimu na silaha, lakini ikajificha huku Waafrika wenzao wakiuzwa utumwani. T'Challa, mfalme wa Wakanda na ndiye Black Panther mwenyewe, anamshinda kwa nguvu, lakini hoja ya Killmonger ndiyo inayombadilisha mfalme, naye anafungua milango ya nchi yake. Ni nadra sana filamu ya mashujaa kumpa adui ushindi wa aina hiyo. Kasoro yake kubwa, kwa macho yangu, ni pambano la mwisho mgodini, ambapo watu wawili waliovaa mavazi yanayofanana wanarushana katika picha za kompyuta ambazo hata mwaka ule hazikuridhisha.

Mwendelezo ulianza na pengo ambalo hakuna mwandishi angelichagua. Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na umri wa miaka 43, na mwongozaji Ryan Coogler hakumpa mwigizaji mwingine nafasi ya T'Challa, bali aliuingiza msiba huo ndani ya hadithi. Filamu inaanza Shuri, dada wa T'Challa, akihangaika katika maabara yake kumwokoa kaka yake, na anashindwa. Yanafuata mazishi ya watu waliovaa nguo nyeupe, kisha nembo ya Marvel inapita bila muziki, ikiwa na picha za Boseman peke yake. Ukumbi mzima nilimokuwa ulinyamaza.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba msiba huo hausahauliki pindi mapigano yanapoanza. Mwaka mmoja baadaye malkia Ramonda anampeleka Shuri kando ya mto ili wachome nguo za maombolezo, yaani waanue matanga, na binti anakataa kwa sababu anahisi kwamba akianza kumlilia kaka yake kwa dhati, hasira yake itaukumba ulimwengu mzima. Filamu yote iliyobaki ni safari ya kutoka kwenye kukataa huko hadi ufuoni Haiti, ambako hatimaye anaichoma nguo ile. Angela Bassett, katika nafasi ya Ramonda, anatoa uigizaji ambao sikuuona popote katika filamu ya kwanza. Anapomvua jenerali wake Okoye cheo mbele ya baraza, akiuliza kama yeye hajatoa kila alichokuwa nacho, unamwona mzazi aliyefiwa na malkia anayehukumu wakizungumza kwa sauti moja. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na nadhani alistahili hata kushinda. Baada ya Ramonda kufa, Shuri anakunywa dawa ya mmea inayompa mtu nguvu za Black Panther na kumkutanisha na wafu, na kutarajia kumkuta mama yake upande wa pili, lakini anayemkuta kwenye kiti cha enzi ni Killmonger. Tukio hilo fupi linafaidi kila kitu kilichojengwa mwaka 2018, na ndilo bora kuliko yote katika mwendelezo.

Tatizo liko kwa Namor, adui wa filamu ya pili. Tenoch Huerta anamwigiza vizuri, na watu wake wa Talokan, nchi iliyo chini ya bahari, wazao wa Wamaya waliokimbilia baharini kuepuka ndui na uvamizi wa Wahispania, ni wazo zuri kabisa. Lakini mataifa mawili yenye sababu ya kuungana yanaishia kuuana, huku wakubwa walioanzisha msako wa vibranium, madini adimu yaliyo chanzo cha nguvu za nchi hizo mbili, wakibaki salama pembeni. Shuri anamwachia Namor uhai, jambo ninalolikubali, ila swali la Namor kuhusu wakoloni halijibiwi kama lilivyojibiwa la Killmonger. Aidha, sikuelewa kwa nini Wakanda waliamua kwenda kupigana na watu wa bahari juu ya bahari.

Urefu nao unaumiza. Ya kwanza ina dakika 134, ya pili 161, na nyongeza hiyo imekwenda kwa kiasi kikubwa kwa Riri Williams, mwanafunzi anayeunda vazi lake la chuma, pamoja na mambo ya shushushu Ross, ambayo yangeweza kuondolewa bila hadithi kupungukiwa. Nakia wa Lupita Nyong'o, ambaye sisi Wakenya tulimsubiri kwa hamu, anaingia akiwa amechelewa na kupewa nafasi ndogo.

Katika maleba hakuna wa kulaumiwa. Ruth E. Carter alipata Oscar kwa filamu zote mbili, na akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo mara mbili. Wekundu na shanga za Dora Milaje, walinzi wa kike wa Wakanda, vilivyochotwa kwa Wamaasai, bado vinapendeza.

Kwa atakayezitazama, ushauri wangu ni aanze na ya kwanza hata kama aliiona zamani, na ya pili aitazame kwenye skrini kubwa, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Matukio ya chini ya maji yana giza jingi, na mazungumzo mengi ya Talokan yako katika Kimaya, hivyo kwenye simu atakosa sura za waigizaji na pia maandishi ya tafsiri.