Fuvu la Enhydrictis: kazi nzuri, ufungaji hovyo

Nafundisha baiolojia, nikaagiza mtandaoni nakala ya fuvu la Enhydrictis galictoides, mnyama wa jamaa ya kicheche aliyeishi kisiwani Sardinia, Italia, enzi ya Pleistosini, yaani zama za barafu. Hilo "galictoides" maana yake anafanana na Galictis, wanyama wengine wa jamaa hiyo ambao bado wapo Amerika ya Kusini. Kazi ni safi: katundu ka mshipa chini ya jicho kanapitisha njiti ya kiberiti, na magego ya kukatia nyama yana makali kweli. Ila jino la chonge la kushoto limefika limevunjika, maana walilifunga kwa gazeti tu! Muuzaji ananiambia nitafute gundi. Karatasi ya maelezo nayo imeandikwa "panya wa kale". Panya gani mwenye meno yale? Nyota tatu.