Mandolini ya laki tatu na nusu, mikononi mwa mpiga ridhimu

Kwa wapiga gita wenzangu wanaoulizia hii mandolini, kile chombo kidogo cha nyuzi: nunueni, ila wekeni pembeni hela ya fundi. Ukiitoa kwenye boksi na kuanza kupiga hapo hapo, utaichukia bure.

Yangu ni ya Kichina, mgongo bapa, lile umbo la kawaida wanaloliita A. Niliagiza Kariakoo kwa shilingi 350,000 pamoja na begi, ikapakiwa kwenye basi hadi Nyegezi, hapa Mwanza. Rangi safi, mbao imeungwa vizuri kuliko nilivyotegemea kwa bei hiyo. Vifungio vinane vya kutyuni vinazunguka bila kukwama, kimoja tu kilegevu kidogo. Sifa za kiwandani zinaishia hapo.

Nyuzi zilikuja zimekaa juu mno. Mandolini ina nyuzi nane katika jozi nne, na kila jozi ni sauti moja, kwa hiyo kidole kimoja kinabonyeza vyuma viwili kwa mpigo. Hata vidole vyangu vyenye sugu za miaka ya kupiga kumbi za dansi vililalamika. Kibaya zaidi, freti za mwanzo, vile vyuma vilivyokingama shingoni, zilikuwa zinapandisha sauti: unabonyeza jozi ya G upate A, programu ya kutyuni kwenye simu inakuonyesha umezidi. Hiyo ni dalili kwamba mifereji ya kile kipande cha plastiki kule kichwani, zinapopita nyuzi, haikuchongwa vya kutosha. Nilimpelekea seremala mmoja wa Igoma anayetengeneza magita. Mandolini hakuwahi kuishika, ila alichukua kifaili chembamba, anakwaruza kidogo, anarudisha uzi, anasikiliza, anakwaruza tena. Akachukua elfu ishirini. Bila hizo ingekuwa pambo la ukutani.

Jingine ambalo boksi halikuambii: daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya tumbo, halijagundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Ukitoa nyuzi zote kwa pamoja linadondoka, kwa hiyo badilisha mmoja mmoja. Kujua kama limekaa mahali pake, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upige, kisha bonyeza pale pale upige tena. Sauti ya kubonyeza ikizidi, sogeza daraja nyuma kuelekea mkiani, kule nyuzi zinakotundikwa.

Nyuzi za akiba sijazikuta kwenye maduka niliyozunguka hapa mjini. Kwa jozi yenye sauti ya juu kabisa natumia uzi wa kwanza wa gita, ule mwembamba wa namba 010. Uzi wa mandolini una urefu wa kama sentimita 35 na wa gita kama 65, ndiyo maana uzi ule ule unapanda oktavu nzima bila kukatika. Kile kipete cha shaba mwishoni mwa uzi wa gita kibane kwa koleo kitoke, kinabaki kitanzi, unakitundika mkiani. Na kwa sisi tunaokaa Kirumba karibu na maji, ukimaliza kupiga futa nyuzi, kutu haina subira.

Sasa kupiga kwenyewe. Kutoka sauti nzito kwenda nyembamba ni G, D, A, E, yaani nyuzi nne nene za gita zimepinduliwa. Mkono wa kushoto unaanza shule upya kabisa, tena freti zimebanana hivi kwamba kila kidole kinahudumia freti mbili, kama kwenye fidla. Lakini kodi za mwanzo, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ni za bure: G, C na D zote ni vidole viwili tu, nyuzi zinazobaki unaziacha wazi. Kwa hizo tatu nilipiga nusu ya nyimbo za kwaya yetu. Balaa ni mpiga kinanda akiamua kuimbisha kwenye ufunguo wa E bemoli, ambako kodi hizo tatu hazisaidii. Hapo naweka mandolini chini nachukua gita, sina aibu.

Sauti yake inakufa haraka. Ukizoea kupiga kodi na kuiacha ielee, hapa lazima utetemeshe piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, na mkono wa kulia wa mpiga ridhimu unalipa. Watu wa pwani wanaijua mandolini kwenye taarabu toka zamani. Mimi niliipeleka kwenye sebene, ile sehemu ya dansi ya magita kuchangamka, nikakaa juu ya ridhimu, pale ambapo gita la pili huwa na kepo, kile kibano cha shingoni kinachopandisha sauti. Ilipenya kati ya besi na ngoma bila kuongezewa sauti. Mpiga dramu akanigeukia: “Mzee, gita limezaa?” Wimbo uliofuata aliomba nirudie nayo.

Kwa bei hii na fundi juu, ningeinunua tena. Muuzaji akikutajia laki tano kwa hii hii yenye ubao wa tabaka zilizogundishwa, mwache, tafuta iliyotumika yenye ubao mzima wa juu. Begi usilihesabu kwenye bei: zipu iliachia ndani ya daladala ya Buzuruga, nikaishia kuipakata.