Toleo Lipi la Pokémon Ununue Kama Pesa Ni ya Moja Tu

Tangu Februari 1996, Red na Green zilipotoka Japani, gemu kuu za Pokémon, za kukamata, kulea na kupiganisha viumbe, huuzwa mbili mbili. Hadithi ni ileile na ramani ni ileile, ila kila toleo limenyimwa viumbe kadhaa ambao mwenzake anao. Ilifanywa makusudi: Satoshi Tajiri, aliyebuni Pokémon, alitaka watoto wawili waunganishe Game Boy zao, mashine za gemu za mkononi, kwa waya na wabadilishane. Waya umeshapitwa na wakati, lakini mnunuzi bado anasimama mbele ya rafu akiulizwa, nyekundu au zambarau?

Wengi hujibu kwa kutazama mnyama wa kwenye jalada. Mimi napinga. Huyo wa jalada, mara nyingi, unaanza kumpiganisha mwishoni, safari ikiwa imebaki kidogo. Watakaokupa raha au karaha kwa saa zote za katikati ni wale wa kawaida: yule ndege uliyemkamata njiani, yule joka mdogo uliyemlea akiwa hana nguvu hata ya kujitetea. Chagua kwa hao. Na kama una ndugu au rafiki anayecheza, mwulize ana toleo gani, kisha ununue lile jingine. Ukishafanya hivyo, mpangilio ufuatao hauna kazi kwako, labda usome kwa starehe.

Nimepanga jozi kwa kumfikiria mtu anayenunua leo na anayeanza.

1. Scarlet na Violet

Zilitoka tarehe 18 Novemba 2022 kwa ajili ya mashine ya Nintendo Switch, na hapa ndipo uchaguzi una uzito kuliko kwingine kote kwenye Switch. Hebu tuanze na majoka na majitu yanayokua polepole, maana ndiyo watu hugombania. Scarlet ina Larvitar, anayekuja kuwa Tyranitar, na Deino, anayekuja kuwa Hydreigon. Violet ina Bagon, anayekuja kuwa Salamence, na Dreepy, anayekuja kuwa Dragapult.

Ukitazama majina tu, utaona kama ngoma droo. Tazama ngazi. Bagon anakamilika kuwa Salamence kwenye ngazi ya 50. Tyranitar anataka 55, Dragapult 60, na Hydreigon anakusubirisha hadi 64. Hadithi kuu inaishia kwenye ngazi za sitini na kitu, kwa hiyo anayemlea Deino atabeba kiumbe asiyekamilika karibu safari nzima, kisha apate joka lake mabosi wakiwa wameshakwisha. Mwenye Violet atakuwa anaruka na Salamence zamani.

Halafu kuna Charcadet. Yeye yupo kwenye matoleo yote mawili, ila anachogeuka kuwa kinategemea toleo. Katika mji wa Zapapico kuna mtu anayekubadilishia deraya kwa vipande 10 vya mabaki: Scarlet anataka vya Bronzor, Violet anataka vya Sinistea. Ya Scarlet humfanya Armarouge, mpigaji wa mbali mwenye Special Attack (nguvu ya mapigo yasiyo ya kimwili) ya 125. Ya Violet humfanya Ceruledge, mwenye panga mikononi na Attack (nguvu ya mapigo ya kimwili) ya 125. Wote ni wa moto. Armarouge anaongeza uwezo wa akili, Ceruledge anaongeza uzimu. Kwa safari ya hadithi nampenda Ceruledge, maana mzimu haguswi kabisa na mapigo ya aina ya Normal (ya kawaida) wala Fighting (ya ngumi na mateke).

Wa jalada hapa wana kesi yao. Koraidon wa Scarlet na Miraidon wa Violet unawapanda karibu tangu mwanzo: wanakimbia, na kadiri safari inavyosonga wanaogelea, wanapaa, wanakwea majabali. Uwezo wao barabarani ni mmoja, tofauti ni sura tu. Kupigana nao, hilo linangoja.

Baada ya hadithi kuna viumbe wa ajabu wa Area Zero, ndani ya shimo kubwa la katikati ya ramani. Scarlet inakupa wa zama za kale kama Great Tusk na Roaring Moon, na Violet inakupa mashine za zama zijazo kama Iron Hands na Iron Valiant. Kama nia yako ni mashindano, Scarlet ina Flutter Mane, na huyo peke yake anaweza kubadilisha uamuzi: Special Attack 135, Special Defense 135, kasi 135. Mwili wake ni karatasi, lakini mara nyingi adui hapati zamu ya kuuchana.

Kwa hiyo: Violet kwa anayetaka safari, Scarlet kwa anayetaka ulingo. Mimi ningechukua Violet.

2. Sword na Shield

Hizi ni za tarehe 15 Novemba 2019. Zina jambo lisilo la kawaida: si viumbe tu wanaotofautiana, hata mabosi wawili wa jimu, vituo vya mapambano vya kwenye hadithi, hubadilika. Kwenye Sword utakutana na Bea wa Fighting na Gordie wa miamba. Kwenye Shield ni Allister wa mizimu na Melony wa barafu. Kwa sura na visa, wa Shield wananivutia zaidi.

Ila nanunua viumbe, sinunui mabosi. Sword ina Farfetch'd wa Galar, nchi ya gemu hii, na namna anavyokua ni ya kufurahisha kuliko zote katika gemu hii: lazima apige mapigo matatu ya critical, yale ya bahati yenye nguvu ya ziada, katika pambano moja. Hakuna ngazi wala jiwe. Unamshikisha kitunguu chake, Leek, ili nafasi ya critical iongezeke, unamtafutia adui mgumu asiyekufa upesi, unapiga, unahesabu, unapiga tena. Ya tatu ikiingia na pambano likaisha, anageuka Sirfetch'd, shujaa mwenye mkuki na ngao. Mwenye Shield hana kitu cha namna hiyo, ingawa ana Ponyta wa Galar mwenye manyoya ya rangi za pipi, na Goomy, joka la ute ambalo ili likamilike linahitaji ngazi ya 50 na mvua au ukungu juu yake.

Na hapa nalegeza kamba kuhusu jalada. Zacian wa Sword, akiwa katika umbo lake la taji, ana Attack ya 170. Walipomleta kwenye Scarlet na Violet wakampunguzia hadi 150, nadhani unaelewa kwa nini. Zamazenta wa Shield hakuwahi kuogopwa hivyo. Nunua Sword.

3. Brilliant Diamond na Shining Pearl

Haya ni marudio, yaliyotoka Novemba 2021, ya gemu za mwaka 2006. Tofauti inayokugusa mapema ni visukuku vya chini ya ardhi. Diamond inatoa Cranidos, Pearl inatoa Shieldon, na wote wanakua kwenye ngazi ya 30. Cranidos anakuwa Rampardos mwenye Attack ya 165, Shieldon anakuwa Bastiodon mwenye Defense ya 168. Ukuta haumalizi pambano upesi, kichwa cha Rampardos kinalimaliza. Brilliant Diamond, basi.

Ukimaliza hadithi, Ramanas Park inawagawa wakubwa wa zamani: Diamond ina Raikou, Entei, Suicune na Ho-Oh; Pearl ina Articuno, Zapdos, Moltres na Lugia. Anayewapenda hao ndege watatu ana sababu halali ya kunipinga.

4. Let's Go Pikachu na Let's Go Eevee

Kwa mtoto au kwa mtu mzima anayetaka wale 151 wa mwanzo bila makuu. Pikachu ina Growlithe, Mankey na Scyther. Eevee ina Vulpix, Meowth na Pinsir. Kwa kuwa unaweza kuwaleta wa Kanto, nchi ya hao 151, kutoka Pokémon GO, gemu ya simu, upungufu wa toleo hauumi sana. Nunua kwa mwenza unayempenda, Pikachu begani au Eevee kichwani, ukikumbuka kwamba mwenza huyo habadiliki kuwa kiumbe mwingine.

5. Za DS na 3DS

Hizi ni za mashine za zamani za Nintendo, na ziko mwisho kwa sababu ya mazingira tu, si ubora. Duka la mtandaoni la 3DS lilifunga mauzo Machi 2023, na huduma za kucheza mtandaoni zikazimwa Aprili 2024. Maana yake ni kwamba asiyekuwemo kwenye toleo lako atakuja tu kama mwenye toleo jingine yuko karibu nawe na mashine yake. Kama una mtu huyo, zipandishe daraja moja kwa moja: Black na White ni gemu tamu mno. Usichanganyikiwe tu na majalada yake, Reshiram mweupe yuko kwenye Black na Zekrom mweusi yuko kwenye White. Kwa Sun na Moon, chagua kwa saa unazocheza, maana saa ya Moon imegeuzwa kwa saa 12. Mchana kwako, usiku kwenye gemu.

Nje ya mpangilio kuna Legends: Arceus ya Januari 2022. Hiyo ni moja tu, haina pacha, na asiyetaka usumbufu huu wote aichukue alale.

Kabla hujalipa

Kubadilishana kwenye Switch ukiwa karibu na mwenzako hakuhitaji usajili. Kwa mtandao ndani ya gemu unahitaji Nintendo Switch Online, usajili wa kulipia. Pokémon HOME, huduma ya kuhifadhi na kuhamisha viumbe, kwa mpango wake wa bure, inahifadhi Pokémon 30, na kwenye simu unaweza kuweka wako na kuomba unayemtaka kwa mtu usiyemjua. Ukiweka kiumbe wa toleo lako asiyepatikana kwenye lile jingine, mara nyingi kuna mtu wa upande wa pili anayemhitaji.

Nyongeza za kulipia za Sword na Shield, na za Scarlet na Violet, zinafuata toleo. Ukiwa na Shield ukanunua nyongeza ya Sword, haifunguki. Soma jina mara mbili.

Kadi ya Switch iliyotumika inakuja tupu, maana sevu, yaani kumbukumbu ya mchezo, hukaa kwenye mashine. Kaseti ya DS ni kinyume: sevu ya mwenyewe wa zamani iko ndani. Wengi huifuta palepale kwa kubonyeza Up, Select na B pamoja kwenye skrini ya kuanzia. Usiharakishe. Fungua kwanza masanduku yake ya kuhifadhia viumbe uone alichoacha, kwa sababu huenda humo kuna wale wa toleo jingine aliowapata kwa kubadilishana, na kama una DS ya pili, unaweza kuwahamisha kabla ya kufuta.